Sura ya Tisa: Makonyo Bila Karafuu

Haidar aliingizwa chumba cha mahojiano akiwa bado na udongo mwekundu kwenye kucha. Inspekta Khairiya aliutazama ule udongo kwanza, uso wa mtu baadaye. Jamaa alikuwa mahabusu pale kituoni Chake Chake tangu juzi, na maji ya kunawa alishapewa, lakini kuna udongo hautoki kwa maji ya kopo.

"Keti. Umekunywa chai?"

"Sikuja hapa kunywa chai, afande."

"Hukuja, uliletwa. Keti."

Haidar akaketi, kiti kikalia. Alikuwa mtu wa miraba minne, mchimba mchanga wa Mtondooni, mtaa ulioko bondeni chini ya barabara ya Wesha. Juzi mchana mvua ya vuli ilipiga mji kwa hasira, na kule Mtondooni ardhi iliyokuwa nyuma ya nyumba ya Bi Nusaiba ikamong'onyoka. Chumba cha uani, ukuta na sakafu yake, kikaporomokea korongoni na bibi wa watu ndani. Masoud, mwanawe wa pekee, alikuja kituoni jioni ile ile akalia mbele ya kaunta. Haidar kachimba mchanga chini ya nyumba ya mama yangu mpaka ikabaki inaning'inia, alisema, na Haidar ndiye aliyemuua. Nusu ya mtaa ilikubaliana naye. Sheha alikuwa amemkataza Haidar kuchimba, mbele ya watu, na Haidar akachimba.

Kwa hiyo jalada lilikuwa tayari mezani kwa mkuu wa upelelezi, na baada ya sala ya alasiri lilikuwa linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Khairiya alijua mambo ya ofisi. Jalada likishatoka, hapana mtu atakayetafuta kitu chengine, na Haidar atakwenda kuozea jela.

"Ulichimba mchanga korongoni?"

"Nilichimba. Sikatai."

"Baada ya kukatazwa?"

"Baada ya kukatazwa. N'na watoto, afande. Lakini mie nachimba ng'ambo, upande wa migomba. Upande wa Bi Nusaiba sijautia chepe hata siku moja. Yule kanilea. Mamangu akenda konde, mie nala kwake."

"Wote husema hivyo wakifika hapa."

"Basi andika kama wote."

Khairiya hakuandika. Alikuwa na tabia ya kukaa kimya mpaka mtu wa mbele yake achoke, na wengi walikuwa wakichoka haraka. Haidar hakuchoka.

"Nani aliyemtoa kwenye matope?" akauliza hatimaye.

"Mie. Kwa mikono hii. Alikuwa na roho bado."

"Alisema chochote?"

"Alisema."

"Alisema nini?"

"Maneno ya mwanawe. Si ya polisi." Haidar akafumba mdomo, kisha akaufumbua tena. "Ni amana, afande. Nitampa mwenyewe akitaka kunisikiliza. Sasa hataki."

"Haidar, unakwenda kushtakiwa kwa kifo cha mtu. Huu si wakati wa kunifichia maneno."

"Hayana faida kwako. Wallahi hayana."

Khairiya alitaka kumpigia meza. Akajizuia, akabadilisha njia. "Masoud alifika saa ngapi?"

"Tushamtoa. Roho ishakwenda. Kapiga magoti pale kwenye tope, kampakata mamake, akawa anamsafisha. Nywele zilijaa makonyo, akawa ayatoa moja moja. Mara kaacha. Kasimama, kan'tazama, kan'ambia wewe ndiye uliyemuua."

"Zilijaa nini?"

"Makonyo. Si vile vikonyo vya karafuu, afande? Vinavyobaki watu wakishachambua."

"Bi Nusaiba alikuwa akichambua karafuu?"

"Wapi! Macho yote mawili yana mtoto wa jicho, kikombe chenyewe akitafuta kwa kupapasa. Na pale kwake hapana hata mkarafuu mmoja."

Khairiya akasimama, akachukua mtandio wake kitini. "Mrudisheni ndani," akamwambia askari wa mlangoni. "Na apewe chai, akitaka asitake."

*

Koplo Usama alishuka Mtondooni akinung'unika. Alikuwa amevaa viatu vipya, na begani alibeba chepe, mkononi chekeche la mchanga, lile lile la Haidar, lililokuwa limewekwa kituoni kama kielelezo.

"Afande, kielelezo hiki tunakwenda kukichafua."

"Chekeche limetengenezwa lichafuke. Twende."

Nyumba ya Bi Nusaiba ilisimama kati ya barabara na korongo. Juu yake kilikuwepo kijia cha miguu kinachotoka barabarani kwenye kona, na nyuma yake ukingo unaoshuka korongoni. Chumba cha mbele kilikuwa kizima, na kitanda kimetandikwa shuka ya maua. Chumba cha uani hakikuwepo. Palikuwa na mlango, na nje ya mlango hewa.

Khairiya alianzia chini, alikoanzia kila mtu kumtuhumu Haidar. Ng'ambo ya korongo, upande wa migomba, machimbo yalionekana wazi. Kuta zake zilinyooka na chepe limeacha mistari. Upande wa nyumba palikuwa na lundo kubwa la udongo ulioporomoka.

"Mtu akichimba chini ya ukingo, anaondoa nini?" akamuuliza Usama.

"Udongo."

"Na kilichoota juu ya udongo?"

"Kinakwenda nao."

"Haya. Chimba hapa, taratibu, mpaka ufike chini ya lundo."

Usama akavua viatu, akavitundika kwenye kijiti, akachimba. Chini ya lile lundo chepe likagusa kitu laini. Khairiya akachuchumaa akakwangua kwa mkono. Nyasi. Zilikuwa zimelala, zimebanwa na uzito, lakini mizizi ilikuwa imeshika ardhi vilevile. Zilianzia pale zikaendelea mpaka chini ya nyumba, bila pengo.

"Hapa hapakuchimbwa," akasema Usama polepole. "Angechimba, nyasi zisingekuwepo."

"Hapakuchimbwa. Ardhi haikukatwa kutoka chini. Sasa twende juu tukaone imekatwa kutoka wapi."

Halikuwa jambo la kutafuta sana. Kijia cha kutoka barabarani kilikuwa kimegeuka mfereji, upana wa mkeka, kina cha magoti. Mfereji uliteremka moja kwa moja, ukapiga ukuta wa uani, ukazunguka kona ya nyumba na kuchimba msingi mpaka mawe yakatokeza. Maji ndiyo yaliyokula ardhi chini ya chumba cha Bi Nusaiba. Na maji mengi namna hiyo hayakuangukia kwenye kijia kile kutoka mbinguni.

Khairiya akajaza chekeche matope ya kwenye mfereji, Usama akamwagia maji kwa ndoo. Vikabaki vijiwe, kifuniko cha chupa, na makonyo tele, membamba na meusi kwa unyevu. Wakajaza mara ya pili, mara ya tatu. Makonyo matupu.

"Karafuu zenyewe ziko wapi?" akauliza Khairiya.

"Afande?"

"Wewe wa Unguja utajua wapi, karafuu unaijua kwenye pilau tu. Sikiliza. Mtu akishachambua, karafuu anaanika kwenye majamvi, makonyo anayarundika kando kwa sababu hayana thamani kubwa. Lakini kando ni hapo hapo, hatua mbili. Maji yakipita mahali watu wanapoanika, yangebeba vyote. Hapa yamebeba makonyo, na karafuu hata punje moja hamna."

Usama akatikisa chekeche tena, kama mtu asiyeamini. Hamna.

"Basi kuna mtu alizikinga karafuu zake," akasema.

"Kuna mtu alizikinga. Vaa viatu."

*

Kijia kilitokea kwenye kona ya barabara ya Wesha, na ukipanda kidogo kutoka kwenye kona unafika mahali palipo na sakafu pana ya saruji, ya kuanikia karafuu. Pembeni mwa sakafu unapita mtaro. Maji yote ya barabara, kutoka sokoni juu mpaka hapo, huingia kwenye mdomo wa mtaro huo, yakapita chini ya zege, yakaenda zake mikokoni bila kumsumbua mtu. Ndivyo ulivyojengwa. Mkabala, upande wa pili wa barabara, lilikuwa duka la Bi Ummehani, lenye vitambaa, sukari na taa za chemli ambazo hapana anayezinunua tena.

Khairiya alilala kifudifudi barabarani, akaingiza kichwa na tochi kwenye mdomo wa mtaro. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita alisema Bismillahi.

"Kuna nini humo, afande?" akauliza Usama.

"Utando wa buibui."

"Buibui anafuma kwa usiku mmoja."

"Anafuma. Lakini vumbi halifumi." Akatoa mkono nje, akamwonyesha kiganja kilichojaa vumbi jepesi, la kiangazi. "Na humo ndani kuna nyayo za kuku, zimekauka zamani. Juzi mji mzima umefurika, Usama, na mtaro mkubwa kuliko yote mtaani haukupitisha hata tone."

"Uliziba?"

"Ungeziba wenyewe, taka zingekuwa ndani. Taka ziko nje. Tazama zilivyojipanga."

Zilikuwa zimejipanga kwa mstari, majani na mifuko ya plastiki, mbele kidogo ya mdomo. Na kwenye ukingo wa saruji, tope lililokaukia pale lilikuwa na chapa ya mistari myembamba inayokatana. Khairiya akaipiga picha mara kadhaa. Usama hakuwa na haja ya kuambiwa. Kila mtu ameshawahi kuona kiroba cha sukari.

Lakini Usama alikuwa ameona na kitu chengine, na alikionyesha kwa furaha. Duka la Bi Ummehani lilikuwa na baraza jipya la saruji lililoingia barabarani zaidi ya hatua mbili. "Hili ndilo lililoyasukuma maji, afande! Yamegonga hapa, yakaruka mtaro, yakashuka zake konani."

Bi Ummehani alikuwa mlangoni. Alikuwa mfupi, amejitanda rida ya rangi ya waridi, na masikio yake hayakuwa na tatizo lolote.

"Baraza langu?" akasema. "Baraza langu limeua mtu?"

"Hatujasema hivyo, bibi," akasema Usama.

"Umesema. Nimesikia. Mie nimezaliwa kwenye nyumba hii, na babangu kazaliwa hapa, leo wewe uliyeshuka jana kwenye boti unakuja kuniambia baraza langu limeua mtu! Masika nzima ilipiga hapa, mvua ya kutisha kuliko hii, baraza lipo. Maji yaliingia wapi? Mtaroni! Kama siku zote!"

"Shikamoo, Bi Ummehani," akasema Khairiya.

"Marahaba, mwanangu. Huyu mfundishe adabu."

"Nitamfundisha. Na juzi je, maji yaliingia mtaroni?"

Bi Ummehani akautazama mtaro. "Juzi hapana. Juzi barabara ilikuwa mto. Viatu vya watu nimeviona vikenda. Nikasema leo kuna nini? Nilikuwa peke yangu, mtaa mzima umekwenda harusini Wingwi, hapana hata wa kumuuliza."

"Sakafu hii anaanika nani?"

"Msimu huu kakodi Masoud."

Usama akageuka kumtazama mkubwa wake. Khairiya hakumtazama mtu.

"Masoud yupi?"

"Masoud gani mwengine? Mwana wa Bi Nusaiba, Mungu amrehemu. Karafuu zake zilikuwa hapo hapo, zimefunikwa turubai. Wengine wote zimewalowa, zimeoza, watu walia. Zake nzima. Nikasema huyu ana bahati, na mara ile ile nikasikia kilio kule bondeni." Akajifuta jicho kwa ncha ya rida. "Jana asubuhi, alipotoka kuzika, kaja hapa na kanzu ina udongo wa makaburini. Nikafikiri kazikumbuka karafuu zake. Hata hakuzigusa. Kabebabeba vitu pale mtaroni, katia kwenye gari, kaondoka."

"Vitu gani?"

"Siwezi kusema uongo, mwanangu. Nilikuwa nayafunga macho yangu nisimtazame. Mtu ametoka kumzika mamake."

*

Mkuu wa upelelezi hakufurahi kwenye simu.

"Khairiya, unaniomba gari la Zimamoto ukaoshe barabara?"

"Nikaoneshe maji yalikopita, afande."

"Una picha, una shahidi. Mwite huyo Masoud umhoji."

"Nikimhoji atasema alihamisha mawe. Wakili atasema taka ziliziba mtaro zenyewe, au baraza la dukani ndilo lililosukuma maji. Na Haidar bado kachimba mchanga aliokatazwa. Nataka maji yaseme mbele ya watu."

"Alasiri jalada linatoka."

"Basi niazime gari kabla ya alasiri."

Mkuu akakohoa, na alipokohoa Khairiya akajua kashinda. "Ukikosea, barabara utaifagia mwenyewe," akasema.

Gari jekundu likaja, na likija gari jekundu mtaani hakuna anayebaki ndani. Khairiya alitaka hivyo. Alikuwa amemtuma Usama kwa Masoud na ujumbe mmoja: aje aone namna mama yake alivyokufa. Masoud akaja amevaa kanzu safi na kofia, macho mekundu kwa kilio cha kweli. Watu wakampisha na kumpa pole. Khairiya akampa mkono wa pole na yeye.

"Ahsante kwa kuhangaika, Inspekta," akasema Masoud. "Lakini mtu mnaye. Maji ya nini tena?"

"Nataka niwe na hakika. Simama hapa karibu yangu."

Akainua mkono. Zimamoto wakafungua bomba kule juu, maji yakateremka barabarani kwa kishindo. Usama akatupa makonyo mkono mmoja, yakaelea, yakapita mbele ya baraza la Bi Ummehani bila hata kuligusa, yakakata kushoto, yakazama kwenye mdomo wa mtaro. Kijia cha Mtondooni kikabaki kikavu.

"Haya!" akapaza sauti Bi Ummehani. "Nani ataniomba radhi?"

"Mimi, bibi," akasema Usama. "Nisamehe."

Watu wakacheka. Masoud hakucheka. Khairiya akaashiria maji yafungwe, kisha akamwambia Usama alete viroba. Walikuwa wameviazima dukani na kuvijaza kokoto. Usama akavipanga juu ya zile chapa za tope, kimoja baada ya chengine, mpaka mdomo wa mtaro ukafungika. Hapana aliyecheka sasa.

"Vya nini hivyo?" akauliza Masoud.

"Kuzuia maji. Mtaro huu ukijaa humwagikia sakafuni, sivyo? Wewe ndiye unayeanika hapa, unajua zaidi."

"Mara nyengine."

"Na mara nyengine unafanyaje?"

Masoud alikuwa anavitazama viroba. Khairiya akainua mkono.

Maji yakaja. Yakafika kwenye viroba, yakajikusanya, yakasita, halafu yakapita mbele ya sakafu iliyobaki kavu kabisa na kuendelea na barabara. Yakafika konani. Konani barabara inapinda lakini maji hayakupinda. Yakaruka ukingo wa lami, yakaingia kwenye kijia cha Mtondooni, na makonyo ya Usama yakaingia nayo.

"Yanakwenda kwa Bi Nusaiba!" mtu akapiga kelele kutoka chini. "Yanaingia uani!"

"Yaacheni," akasema Khairiya.

Sauti ya maji ilibadilika. Yalikuwa sasa yanaangukia korongoni. Donge la udongo likameguka kule nyuma ya nyumba, likaporomoka, na kishindo chake kikasikika mpaka barabarani.

"Yafunge," akasema Masoud.

"Bado."

"Yafungeni! Yafungeni hayo maji!"

Akakimbia. Alikimbia na kanzu yake safi mpaka kwenye mdomo wa mtaro, akapiga magoti ndani ya maji, akakumbatia kiroba cha kwanza akakitupa barabarani, cha pili, cha tatu, analia kwa sauti, kofia imekwenda na maji. Mtaro ukafunguka, maji yakageuka, yakaingia yanakotakiwa. Masoud akabaki pale pale amepiga magoti, mikono imeshika ukingo wa saruji.

Khairiya akaashiria bomba lifungwe. Akamwendea, akachuchumaa, na aliposema alisema kwa sauti ya chini.

"Niambie."

"Watu wangu wote walikwenda harusini. Hapakuwa na wa kuanua. Karafuu zilibakisha jua moja tu, Inspekta, moja. Viroba vilikuwepo, vya kukandamizia turubai. Nikaziba. Nilisema mvua ikipungua nitazibua."

"Hukuzibua."

"Nilikaa ndani ya gari nikaziangalia zisivyolowa. Nikafurahi." Akainua uso. "Wallahi nilifurahi."

"Hukufikiri maji yatakwenda wapi?"

"Bondeni. Nilifikiri yatakwenda bondeni, ndiko maji yanakokwenda. Sikufikiri bondeni ni kwa mama."

Bi Ummehani alikuwa amejifunika uso kwa rida.

"Ulijua lini?" akauliza Khairiya.

"Nilipoyaona makonyo kichwani mwake. Nilikuwa nimeyarundika mwenyewe pale kando ya barabara."

"Papo hapo?"

"Papo hapo."

"Na papo hapo ukamnyooshea kidole Haidar."

Masoud alikuwa bado ameushika ukingo wa saruji. Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye ndevu.

"Alikuwa karibu," akasema.

*

Jalada lilitoka alasiri kama lilivyopangwa, lakini jina la mtuhumiwa lilikuwa jengine. Uzembe uliosababisha kifo, kuharibu ushahidi, kutoa taarifa za uongo kwa polisi. Khairiya aliandika mwenyewe, mstari kwa mstari, na mkuu akasoma bila kukohoa. Kuhusu mchanga, Haidar alipewa onyo la maandishi, na Khairiya akamwambia kwamba akimkuta tena korongoni na chepe atamfunga yeye mwenyewe kwa mkono wake.

"Nimesikia, afande."

"Usisikie tu."

Akampa vitu vyake kaunta, mkanda, simu na chepe. Chekeche lilibaki. Usama akaomba radhi kwamba lilikuwa limetoboka.

Kutoka kaunta kwenda mlango wa nje ilikuwa lazima kupita mbele ya mahabusu. Masoud alikuwa amesimama nyuma ya nondo, na kanzu yake bado mbichi. Haidar alipita bila kugeuza shingo, na alikuwa na haki ya kupita.

"Haidar."

Haidar akasimama.

"Wewe ndiye uliyemtoa," akasema Masoud. "Wanasema alikuwa na roho. Alisema neno?"

Khairiya alikuwa nyuma yao na funguo mkononi. Angeweza kumwambia Haidar aende zake, sheria ilimruhusu. Hakumwambia.

Haidar akalisimamisha chepe sakafuni, akaliegemea. Hasira ilikuwa imemjaa usoni, kila mtu aliiona. Kisha akasema kwa utulivu.

"Alikuachia amana. Alikuwa aisikia mvua ile, macho hayaoni, tope mdomoni. Kan'uliza: karafuu za Masoud zimeanuliwa?"

Masoud akashika nondo kwa mikono miwili.

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia zimeanuliwa, Bi Nusaiba. Zote kavu. Akasema alhamdulillahi."

Masoud akateremka taratibu mpaka akakaa sakafuni. Haidar alibeba chepe lake begani akatoka. Nje mawingu yalikuwa yameshajifunga juu ya mji, na matone ya kwanza yalikuwa yanagonga bati la kituo. Khairiya akatundika funguo ukutani, akachukua koti la mvua, akamwita Usama waende wakautazame mdomo wa mtaro kabla mvua haijashika.